Nguo chache za kazi: jinsi ya kuwa nadhifu mwaka mzima bila kuingia kwenye deni

Kila ajira mpya zinapotangazwa, walimu, wauguzi, watendaji wa vijiji na maofisa ugani hupangiwa vituo vilivyo mbali na mji. Wengi hufika na begi moja. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, lakini kazini wanatakiwa kuonekana nadhifu tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo mchuuzi wa nguo anapopita ofisini na furushi lake na kusema: "Chukua tu, utalipa mwisho wa mwezi." Mwezi ukiisha, mshahara umeshagawanywa kabla haujafika nyumbani, na mara nyingi nguo yenyewe imeshachuja.

Katika makala hii tunaeleza njia nyingine, nayo ni kuwa na nguo chache za kazi zinazooana, zinazodumu na zinazoweza kutunzwa kwa beseni, kamba na pasi ya mkaa. Maelezo haya yanamfaa mtumishi wa serikali, karani wa chama cha ushirika, mwalimu wa kujitolea, wakala wa huduma za fedha, na kijana anayejiandaa kwa usaili wa kazi.

Maana ya kabati dogo

Kabati dogo la nguo za kazi ni mkusanyiko wa nguo chache zilizochaguliwa ili kila moja iweze kuvaliwa na nyingine zote. Shati lolote likubaliane na suruali yoyote, blauzi yoyote ikubaliane na sketi yoyote. Si lazima uwe na kabati lenyewe. Sanduku, begi au kamba iliyofungwa pembeni mwa chumba vinatosha.

Wazo hili lilipata umaarufu Uingereza katika miaka ya 1970. Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo jijini London lililoitwa Wardrobe, aliwashauri wanawake wa maofisini wanunue nguo chache zenye ubora badala ya nyingi zisizodumu. Mwaka 1985 mbunifu Donna Karan wa New York alitoa mkusanyiko wa mavazi uliojengwa juu ya vipande saba vya kuchanganya. Huku kwetu nako wazo hili halina ugeni. Wengi tumekua tukiwa na nguo ya shamba, nguo ya nyumbani na nguo ya kutokea, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kinachoongezeka hapa ni hesabu.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Sababu ya kwanza ni fedha. Tuchukue mfano. Shati la shilingi 8,000 likivaliwa mara 20 kisha likachakaa, kila siku ya kulivaa imekugharimu shilingi 400. Shati la shilingi 20,000 likivaliwa mara 100, kila siku imekugharimu shilingi 200. Shati lililoonekana ghali ndilo rahisi. Usiulize bei ya nguo peke yake, uliza pia utaivaa mara ngapi.

Sababu ya pili ni mkopo. Nguo inayochukuliwa kwa mali kauli huwa na bei ya juu kuliko ya taslimu, kwa sababu mchuuzi anajilipa kwa kusubiri na kwa hatari ya kutolipwa. Pia huchaguliwa haraka, bila kukaguliwa, kutokana na kile kilichopo kwenye furushi siku ile. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nguo 30 na bado asubuhi akasema hana cha kuvaa. Anazo nguo, ila hazikubaliani.

Sababu ya tatu ni ardhi na maji. Makadirio yanayotumika sana duniani ni kwamba kutengeneza fulana moja ya pamba, kuanzia shambani hadi kiwandani, huhitaji takriban lita 2,700 za maji. Hizo ni ndoo 135 za lita 20. Msikilizaji wa Simiyu au Shinyanga anayelima pamba anajua jasho lililomo ndani ya fulana hiyo. Poliesta nayo hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, na ikitupwa haiozi kama pamba. Nguo inayovaliwa miaka minne badala ya mmoja inapunguza mahitaji ya nguo nyingine tatu.

Anza kwa kuhesabu siku za kazi

Kabla ya kununua chochote, jiulize maswali manne.

Unakwenda kazini siku ngapi kwa wiki? Wengi ni siku tano.

Unafua mara ngapi? Kwa wengi ni mara moja, siku ya Jumamosi.

Nguo hukauka kwa muda gani kwako? Kiangazi ni saa chache. Wakati wa masika shati linaweza kuchukua siku mbili, hasa mahali penye ukungu.

Kazi yako inachafua nguo kwa namna gani? Mwalimu ana vumbi la chaki, ofisa ugani ana tope la shambani, anayepanda bodaboda ana vumbi la barabarani, mhudumu wa afya ana hatari ya damu na dawa.

Kwa mtu anayefanya kazi siku tano na kufua mara moja kwa wiki, hesabu inakuwa hivi:

- Nguo 6 za juu (mashati au blauzi). Tano za siku za kazi na moja ya akiba wakati wa mvua. Nguo ya juu hukusanya jasho, hivyo huvaliwa mara moja kabla ya kufuliwa.
- Nguo 3 za chini (suruali au sketi). Kila moja inaweza kuvaliwa mara mbili ikipigwa upepo usiku.
- Sweta au koti 1 la rangi moja.
- Vazi 1 rasmi kwa ajili ya mgeni wa kiserikali, usaili, msiba au sherehe. Linaweza kuwa gauni la kitenge, suti, au kanzu na koti.
- Jozi 2 za viatu.

Jumla ni vitu 13. Nguo 6 za juu zikichanganywa na 3 za chini zinatoa mavazi 18 tofauti. Ukiongeza sweta, unapata mengine 18 kwa siku za baridi. Mtu anayekuona kila siku hatakuona umerudia vazi lilelile kwa zaidi ya wiki tatu za kazi, ilhali kinachoning'inia chumbani ni nguo chache tu.

Mwanamke anayevaa hijabu au mtandio aongeze mitandio 3 ya rangi moja moja inayokubali blauzi zote. Anayevaa sare, kama muuguzi, anahitaji sare 3: moja mwilini, moja kwenye kamba, moja imepigwa pasi. Huyo nguo zake nyingine za kazi zinaweza kupungua hadi nusu.

Nguo za ndani, za nyumbani na za shambani hazimo katika hesabu hii. Na zisichanganywe. Shati la kazini likienda kupalilia mahindi mara moja tu, linarudi likiwa la shambani.

Rangi

Ili nguo zioane, chagua rangi mbili za msingi kwa nguo za chini. Nyeusi na bluu iliyokolea, au kahawia na kijani kibichi iliyokolea, zinafaa. Kwa nguo za juu chagua rangi nyepesi au za katikati: samawati, waridi hafifu, maziwa, kijivu. Nguo mbili za juu zinaweza kuwa na michoro au milia.

Fikiria pia udongo wa unakoishi. Kwenye udongo mwekundu, suruali ya kahawia huficha vumbi na nyeusi hulionyesha. Kwa mwalimu anayetumia chaki, sketi nyeusi itaonyesha kila alama ya mkono, lakini kijivu haitaonyesha. Nyeupe inapendeza, ila kama maji ya kisima chenu yana kutu au chumvi nyingi, nguo nyeupe itageuka njano hata ukifua vizuri. Hapo rangi ya maziwa au samawati ni salama zaidi.

Kitenge kina nafasi yake. Gauni moja la kitenge linasimama peke yake bila kuhitaji kuoanishwa na kitu. Lakini blauzi ya kitenge na sketi ya kitenge kingine hugombana. Ukitaka kitenge kiingie kwenye mchanganyiko, kivae na nguo ya rangi moja iliyomo kwenye mchoro wake.

Kujua vitambaa

Pamba hupitisha hewa, hunyonya jasho na huvumilia pasi ya moto. Ubaya wake ni kujikunja na kuchuja juani.

Poliesta haijikunji sana, hukauka haraka na rangi yake hudumu. Lakini ina joto, hushika harufu ya jasho kuliko pamba, na pasi ya mkaa huiyeyusha kwa sekunde chache.

Tetroni, yaani mchanganyiko wa pamba na poliesta, ndiyo inayotumika sana kwa sare za shule na mashati ya kazi. Hukauka upesi kuliko pamba tupu na haihitaji pasi kali. Kwa mtu anayefua kwa mkono na asiye na umeme, hiki ndicho kitambaa cha kufikiria kwanza kwa mashati.

Kaki na vitambaa vizito vya pamba vinafaa suruali na sketi za kazi za nje. Vinadumu, ila wakati wa masika vinachelewa kukauka.

Kama unataka kujua kitambaa ni cha nini na hakina lebo, chomoa uzi mmoja na uuchome mbali na nguo na watoto. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hunukia karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya yote mawili.

Mtumba au fundi?

Neno mtumba maana yake ni furushi, na jina hilo limekuja kwa sababu nguo hizi hufika zikiwa zimefungwa kwa marobota. Tangu biashara ilipolegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, mitumba imekuwa njia kuu ya watu wengi nchini kupata nguo. Mwaka 2016 viongozi wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili kukuza viwanda vya ndani. Rwanda ilipandisha ushuru na kushikilia msimamo wake, na mwaka 2018 Marekani ikaisitishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Nchi nyingine zililegeza msimamo, na mitumba bado ipo sokoni.

Mtumba mzuri unaweza kukupa shati imara kwa bei ndogo, na unairefushia maisha nguo ambayo tayari imeshatengenezwa. Lakini ukague hivi:

- Inua nguo kwenye mwanga. Ukiona vitundu au sehemu iliyokuwa nyembamba, iache.
- Angalia kola, mwisho wa mikono na makwapa. Hapo ndipo uchakavu unapoanzia.
- Vuta mshono taratibu kwa mikono miwili, hasa kwenye mapaja na makalio.
- Fungua na ufunge zipu mara tatu. Hesabu vifungo.
- Nusa. Harufu ya ukungu huondoka kwa shida.
- Usinunue nguo za ndani za mtumba. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku kwa sababu za kiafya.

Ukifika nyumbani, fua kwanza na upige pasi kabla ya kuvaa.

Fundi cherehani ana faida nyingine. Nguo inakaa mwilini mwako, unachagua kitambaa, na fedha inabaki kijijini. Ili kazi itoke vizuri, fanya mambo haya. Loweka kitambaa cha pamba na ukikaushe kabla ya kukipeleka, kwa sababu kitarudi kidogo kikipata maji, na ni afadhali kirudi kabla ya kushonwa. Mwambie fundi aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni na kwenye pindo, ili nguo iweze kutanuliwa ukinenepa au ukipata ujauzito. Omba kingo za ndani zipigwe ovaloki au zikunjwe na kushonwa, zisichanike. Omba mshono wa mara mbili kwenye mapaja na makwapa. Bakiza kipande cha kitambaa nyumbani kwa ajili ya kiraka. Mpe fundi nguo yako inayokukaa vizuri aipime, kwa sababu nguo haikosei vipimo.

Mashati ya mtumba na suruali au sketi za fundi ni mgawanyo unaowafaa wengi. Mashati hayahitaji kukaa kwa usahihi mkubwa, lakini nguo ya chini isipokaa vizuri inakunyima raha siku nzima.

Kabla ya kununua, uliza utaratibu wa mavazi kazini kwako. Kwa watumishi wa umma Tanzania upo waraka wa mavazi uliotolewa mwaka 2007. Msingi wake ni nguo ya heshima: isibane, isiwe fupi, isionyeshe mwili. Shule, hospitali na mashirika huweza kuwa na masharti yao ya ziada. Nguo isiyoruhusiwa kazini haina hesabu hata ingekuwa ya bure.

Alama za kwenye lebo

Nguo nyingi za dukani na za mtumba zina kitambaa kidogo ndani chenye michoro. Maana yake ni hizi:

- Beseni lenye maji: nguo inafuliwa. Namba iliyomo ni joto la juu la maji.
- Beseni lenye mkono: fua kwa mkono, taratibu.
- Beseni lenye alama ya mkato: usifue kwa maji.
- Pembetatu yenye alama ya mkato: usitumie jiki.
- Pasi yenye nukta moja: joto dogo, lisizidi nyuzi 110. Nukta mbili: wastani, nyuzi 150. Nukta tatu: kali, nyuzi 200.
- Pasi yenye alama ya mkato: usipige pasi.
- Duara lenye herufi ndani: ni ya kusafishwa kwa dawa na dobi mwenye mashine maalumu.

Kama uko mbali na dobi wa aina hiyo, nguo yenye beseni lililokatwa na duara lenye herufi haikufai hata ikiwa nzuri namna gani.

Kufua, kuanika na kupiga pasi

Tenganisha nyeupe, za rangi hafifu na za rangi iliyokolea. Nguo mpya ya kitenge au jinzi ifue peke yake mara mbili za kwanza. Geuza nguo ndani nje kabla ya kufua, ili msuguano usichubue upande unaoonekana. Kwenye kola na makwapa paka sabuni ya mche, acha kwa robo saa, kisha sugua kitambaa kwa kitambaa. Brashi ngumu na jiwe hukata nyuzi. Suuza hadi maji yatoke safi, kwa sababu sabuni inayobaki hukakamaza nguo na kuiacha na michirizi.

Jiki itumike kwa pamba nyeupe tu, ikiwa imechanganywa na maji mengi. Kwenye nguo za rangi huacha mabaka, na hata kwenye nyeupe ikitumiwa kila wiki hudhoofisha nyuzi.

Jua kali huchujua rangi. Anika nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje. Hapa kuna tahadhari muhimu. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini au chini ardhini. Mayai yakianguliwa, kiluwiluwi huingia kwenye ngozi na kusababisha jipu. Usianike nguo kwenye nyasi au chini. Tumia kamba iliyo juu, na piga pasi pande zote, pamoja na mapindo na kiunoni. Joto la pasi huua mayai hayo. Nguo za mtoto mchanga zinahitaji uangalifu huu zaidi.

Pasi ya mkaa haina swichi ya joto. Dondosha tone la maji kwenye chuma chake. Likichemka na kutoweka papo hapo, pasi ni ya moto na inafaa pamba. Likichemka taratibu, inafaa tetroni. Kwa poliesta, weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya nguo kisha pitisha pasi haraka. Daima jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Futa chuma cha pasi kabla ya kuanza, na usipulizie majivu karibu na nguo.

Piga pasi nguo zote za wiki kwa pamoja siku ya Jumapili. Mkaa wa mara moja unatosha nguo sita, na asubuhi hutakimbizana na muda. Ning'iniza nguo kwenye henga, kwa sababu msumari hutoboa na kuharibu bega. Sanduku liwe juu ya matofali au meza, mbali na mchwa na unyevu.

Madoa

- Tope: acha likauke kabisa, ponda na kukung'uta, ndipo ufue. Ukisugua tope bichi linaingia ndani ya nyuzi.
- Damu: maji ya baridi na sabuni, mapema iwezekanavyo. Maji ya moto hulifanya doa ligande.
- Mafuta: paka sabuni ya kuoshea vyombo kabla ya kulowesha kwa maji.
- Wino wa kalamu: weka kitambaa chakavu chini ya doa, gusagusa kwa spiriti, usisugue.
- Kutu: limau na chumvi, anika juani, kisha suuza. Njia hii ni kwa nguo nyeupe, kwa kuwa limau na jua huchujua rangi.
- Jasho la njano makwapani: loweka kwenye maji yenye siki kidogo kwa nusu saa, kisha fua.

Nguo za mhudumu wa afya zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto wala za kulalia.

Viatu

Jozi mbili zinazobadilishana hudumu kuliko jozi mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine hadi zife. Kiatu kinahitaji siku moja kutoa unyevu wa jasho. Jozi moja iwe imara kwa kutembea, nyingine rasmi. Wakati wa mvua, tembea na ndala au buti za mpira, kisha badilisha ukifika. Kiatu kikilowa, kijaze karatasi na ukiweke kwenye upepo, si karibu na moto, kwa sababu ngozi hupasuka. Mpelekee fundi viatu soli mara inapoanza kuachia. Kushona mapema ni kazi ndogo, lakini kiatu kilichoachia nusu nzima kinahitaji soli mpya.

Kurekebisha na kuaga nguo

Weka kikopo chenye sindano, uzi mweusi, mweupe na wa bluu, vifungo vichache na mkasi. Kifungo kilicholegea kishone jioni hiyo hiyo. Pindo lililofumuka lishone kabla halijaburuzwa.

Kola ya shati ikichakaa upande wa juu, fundi anaweza kuifumua, kuigeuza na kuishona tena, upande mzima ukawa juu. Mikono mirefu iliyochakaa mwishoni hukatwa ikawa mifupi. Suruali iliyoisha magotini huwa kaptula ya mtoto.

Nguo ikishindikana kabisa, toa vifungo na zipu uvihifadhi. Ya pamba inakuwa tambara la kufutia, na mwisho wake huoza shambani. Ya poliesta usiichome moto, kwa sababu moshi wake ni wa sumu. Itumie kujazia mito au viti.

Mpango wa miezi sita

Si lazima ununue vyote kwa pamoja. Huu ni mpango tunaopendekeza kwa anayeanza:

Kabla ya kununua, toa nguo zote ulizonazo, uzitandike kitandani. Tenga zinazofaa kazini, zinazohitaji fundi, na zisizofaa. Wengi hugundua kuwa tayari wana nusu ya vitu 13.

Mwezi wa kwanza: rekebisha zinazorekebishika na ununue nguo moja ya chini.

Mwezi wa pili: nguo mbili za juu.

Mwezi wa tatu: kiatu imara.

Mwezi wa nne: nguo ya chini ya pili na moja ya juu.

Mwezi wa tano: sweta au koti, hasa kama kipupwe kinakaribia.

Mwezi wa sita: vazi rasmi, lishonwe na fundi.

Baada ya hapo, kanuni ni moja: inayoingia ichukue nafasi ya iliyotoka. Mchuuzi akija na furushi lake ofisini, muulize bei ya taslimu na bei ya mkopo, zote mbili. Kisha fikiria nguo ulizonazo. Kama hiyo mpya haiwezi kuvaliwa na angalau tatu kati ya hizo, mshukuru na umwache aende. Na kama inafaa, weka akiba kwenye kikundi chenu, uinunue kwa taslimu mwezi ujao. Mchuuzi atapita tena.